Kiazi Chenye Dawa: Neno Juu ya Chakula, Tiba na Tumaini



Jumapili moja, baada ya ibada ya asubuhi, mama mmoja wa mtaa wetu alitungoja mlangoni mwa kanisa akatuuliza swali ambalo hatukuweza kulijibu papo hapo. Mama huyu ana watoto watatu. Wa kwanza ana kisukari kile kinachowapata watoto, na kila siku huchomwa sindano ya insulini. Alisema: "Vile viazi mlivyotuambia, vya kuzuia kisukari, vyapatikana wapi? Nataka kuwapa hawa wadogo kabla hawajaupata ugonjwa wa kaka yao."

Tulipomwuliza hali ya huyo mkubwa, akainamisha kichwa. Mtoto alikuwa ametoka hospitali juzi. Mama alikuwa amempunguzia dozi kwa siku kadhaa ili chupa ya insulini iliyobaki itoshe hadi viazi vifike. Mtoto akaanza kutapika na kuhema kwa shida, akakimbizwa hospitali usiku, akalazwa. Kwa rehema za Mungu akapona.

"Vile viazi mlivyotuambia." Neno hilo lilituchoma, kwa maana ni kweli tulisema sisi. Katika mazungumzo ya afya, baada ya mkutano wa Umoja wa Mama, tulitaja kwa furaha na bila kupima maneno habari za wataalamu waliotia ndani ya viazi kitu cha kuzuia kisukari. Tulisema kwamba wamefaulu. Hatukusema kwamba waliopona walikuwa panya.

Basi tunaandika makala hii kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kusahihisha tuliyoyasema, mbele ya wale wale waliotusikia. Ya pili ni kulitafakari pamoja nanyi swali lililobaki mioyoni mwetu tangu siku ile. Swali lenyewe lina pande mbili. Je, ni halali kwa mwanadamu kuugeuza mmea wa chakula uwe dawa? Na je, ni halali kumpa mgonjwa tumaini ambalo bado halijaiva?

ADUI ALIYE NGUONI

Yafaa kwanza tuuelewe ugonjwa wenyewe. Mwili wa mwanadamu umepewa askari wake. Kazi yao ni kulinda malango, kumtambua mgeni mwenye madhara, na kumpiga. Bila askari hao tusingeishi hata mwaka mmoja, maana kila pumzi tunayovuta na kila kitu tunachogusa kina wadudu wasioonekana kwa macho.

Lakini kuna nyakati askari hao hukosea. Huacha kumpiga mgeni wakampiga mwenye nyumba. Katika kisukari cha aina ya kwanza huziharibu chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Katika baridi yabisi huvishambulia viungo vya mikono na magoti mpaka vikapinda. Katika ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi huikwangua ala inayoifunika mishipa ya fahamu, kama mtu anayebambua ganda la waya wa umeme, na mgonjwa hupoteza nguvu za miguu au nuru ya macho. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Katika magonjwa haya kikulacho kimevuka nguo, kiko ndani ya ngozi.

Tiba nyingi za magonjwa hayo hufanya kazi kwa kuwalegeza askari wote kwa pamoja. Ni kama mwenye nyumba anayewanyang'anya silaha walinzi wake wote kwa kosa la mmoja. Nyumba hupata utulivu, lakini usiku ule ule mwizi aweza kuingia. Kwa hiyo kwa miaka mingi wataalamu wametafuta njia ya kumfundisha yule askari mmoja aliyekosea, bila kuwadhuru wenzake.

MEZA HUUFUNDISHA MWILI

Njia moja waliyoifikiria ni ya ajabu, maana ipo mbele yetu kila siku nasi hatuioni. Ni meza ya chakula.

Tazameni tunavyokula. Samaki si sisi, maharage si sisi, kuku si sisi. Vyote hivyo ni vitu vigeni kabisa, nasi twaviingiza mwilini mara tatu kwa siku. Kama protini ya kuku ingeingizwa kwenye damu kwa sindano, askari wangeinuka kwa ghadhabu. Lakini ikipita kinywani na tumboni, askari walioko kwenye utumbo, nao ni wengi mno, huipokea na kunyamaza. Mwili una desturi yake: anayeingia kwa njia ya meza, akaja mara kwa mara kwa amani, huhesabiwa kuwa mgeni mwema.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1911 mtaalamu wa Marekani aitwaye H. Gideon Wells alionyesha kwamba wanyama wadogo wa maabara waliokwisha kulishwa protini ya yai hawakudhurika walipochomwa sindano ya protini ile ile, ambapo wenzao wasiolishwa waliweza kufa. Na katika siku zetu, mwaka 2015, madaktari wa London walitangaza matokeo ya jaribio la watoto wachanga 640 waliokuwa katika hatari ya kudhuriwa na karanga. Nusu yao walinyimwa karanga kabisa, na nusu walilishwa karanga kidogo kidogo hadi walipofika miaka mitano. Miongoni mwa walionyimwa, watoto 17 hivi katika kila 100 walipata ugonjwa huo. Miongoni mwa waliolishwa walikuwa 3 tu hivi katika kila 100. Kwa miaka mingi kabla ya hapo wazazi wa Uingereza walikuwa wameshauriwa kuwaepusha watoto wa namna hiyo na karanga. Ushauri uliotolewa kwa nia njema ulikuwa umekwenda kinyume.

Wahenga wetu walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakuwa wakizungumza habari za utumbo, lakini neno lao limeukuta utumbo.

VIAZI, TUMBAKU NA SALADI

Basi wataalamu wakawaza hivi: ikiwa meza huwafundisha askari kunyamaza, kwa nini tusiwalishe ile protini hasa wanayoishambulia? Askari anayeipiga insulini alishwe insulini. Anayepiga ala ya mishipa ya fahamu alishwe ala hiyo. Labda atajifunza kwamba huyu si adui.

Ugumu ulikuwa mmoja, nao ni gharama. Protini safi ya namna hiyo ni ghali, na nyingi huyeyushwa na tindikali ya tumbo kabla ya kufika inakotakiwa. Hapo ndipo mimea ilipoingia. Mmea ukitiwa jeni ya protini fulani, yaani ile amri iliyomo ndani ya chembe inayosema itengenezwe hivi na hivi, mmea huo huitengeneza wenyewe kwa jua, udongo na maji. Tena ukuta mgumu wa chembe za mmea huifunika protini kama ganda linavyofunika mbegu, nayo hupita tumboni salama zaidi.

Mwaka 1997 wataalamu wa chuo kikuu katika mji wa London, si ule wa Uingereza bali ule wa Kanada, waliwalisha panya viazi na tumbaku iliyotiwa jeni ya protini iitwayo GAD, ambayo ni mojawapo ya zile zinazoshambuliwa katika kisukari. Panya hao ni wa ukoo maalum ambao kwa asili yao hupata kisukari bila kusababishiwa. Kulishwa mimea ile kuliuzuia ugonjwa usiwapate kama ulivyowapata wenzao. Mwaka uliofuata, katika Chuo Kikuu cha Loma Linda huko California, ambacho ni chuo cha Waadventista Wasabato, walitengeneza viazi vyenye insulini iliyounganishwa na kipande kisicho na madhara cha sumu ya kipindupindu. Kipande hicho hujua kujishikiza kwenye ukuta wa utumbo. Panya waliokula viazi hivyo walipungukiwa na uvimbe ndani ya kongosho, na kisukari chao kilichelewa. Mwaka 2007 wataalamu wa Florida walieleza jinsi walivyofanya kazi kama hiyo kwa tumbaku na saladi. Majani hukaushwa yakasagwa kuwa unga, na unga wa namna hii waweza kuhifadhiwa muda mrefu bila barafu.

Ninyi mnaojua taabu ya kuihifadhi insulini kwenye nyumba isiyo na jokofu, kuizika mtungini chini ya kivuli na kuomba maji yasikauke, mtaelewa kwa nini habari kama hizo zilitufurahisha. Lakini furaha yetu iliruka hatua moja.

YALIYOWAPATA WATU

Hatua hiyo ni ya kutoka kwa panya kwenda kwa mtu. Si kwamba haikujaribiwa. Wazo la kuwalisha wagonjwa protini limejaribiwa kwa watu mara nyingi, ingawa si kwa mimea bali kwa vidonge, na yaliyotokea hatuna budi kuyasema wazi.

Mwaka 1993 madaktari wa Boston walitoa habari za wagonjwa 30 wa maltipo sklerosisi waliopewa vidonge vyenye ala ya mishipa ya fahamu kutoka kwa ng'ombe. Dalili zilikuwa za kutia moyo. Likafanywa jaribio kubwa la wagonjwa zaidi ya 500, na mwaka 1997 matokeo yakatoka: waliopewa dawa na waliopewa vidonge vitupu hawakutofautiana. Jambo la kushangaza ni kwamba hata wale wa vidonge vitupu walionekana kupata nafuu. Tumaini lenyewe lilikuwa limefanya kazi kama dawa, kisha likatuacha bila dawa.

Kwa kisukari, jaribio la insulini ya kumeza lililotolewa habari zake mwaka 2005 lilihusu watu 372 ambao ndugu zao walikuwa wagonjwa, na ambao damu yao ilionyesha kwamba askari wamekwisha anza kukosea. Watu hawa walikuwa katika hali ile ile ambayo mama wa mtaa wetu aliiogopea kwa watoto wake wadogo. Kwa jumla insulini ya kumeza haikuuchelewesha ugonjwa. Kundi moja dogo miongoni mwao lilionekana kufaidika, na kwa ajili ya kundi hilo likaanzishwa jaribio jingine la watu 560. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017. Tumaini lile la kundi dogo halikuthibitika.

Mpaka leo hakuna mmea wa namna hii ulioidhinishwa kuwa tiba ya mtu mwenye ugonjwa wa askari wa mwili kumpiga mwenye nyumba. Hakuna kiazi, hakuna saladi, hakuna unga. Anayeuza kitu kama hicho sokoni au kwa simu anauza uongo. Hilo ndilo tulilopaswa kulisema siku ile.

Kuna jambo jingine la kuogofya, nalo hatukulijua hata kidogo tulipokuwa tukizungumza. Kinywa hufundisha amani, lakini pia chaweza kufundisha vita. Mwaka 1996 wataalamu wa Australia walionyesha kwamba panya waliotayarishwa kwa namna fulani, walipolishwa protini inayopatikana kwenye kongosho lao, walipata kisukari kwa sababu ya kulishwa huko. Na mwaka 1998 huko Marekani watu wazima 14 walishiriki jaribio la viazi vibichi vilivyotengenezwa makusudi ili kuwaamsha askari wapambane na wadudu wa kuhara, na askari wa wengi waliokula viazi hivyo wakaamka. Kiazi kimoja hulaza, kingine huamsha. Tofauti imo katika kipimo, katika kile kilichoambatanishwa nacho, na katika hali ya anayekula. Kitu chenye nguvu namna hiyo hakipandwi nyuma ya nyumba na kuchemshwa kwa kukisia.

JE, NI KUINGILIA KAZI YA MUUMBA?

Baadhi ya wazee wetu walipolisikia jambo hili walisema kwa mkato: mwacheni kiazi awe kiazi. Mungu angetaka kiwe na insulini angekitia. Neno hili halistahili kuchekwa, maana limetoka katika heshima. Lakini tulipime.

Mtoto wa mama yule aishi kwa insulini gani? Mwaka 1922, huko Toronto, mvulana wa miaka 14 alikuwa mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini, nayo ilitolewa kwenye kongosho la mnyama. Kwa miaka 60 baada ya hapo dunia ilitegemea ng'ombe na nguruwe, na jirani zetu Waislamu walikuwa na swali zito juu ya hao wa pili. Mwaka 1982 Marekani iliidhinisha insulini iliyotengenezwa na bakteria waliotiwa jeni ya mwanadamu, na leo sehemu kubwa ya insulini duniani hutoka kwa bakteria au kwa hamira iliyobadilishwa hivyo. Kwa hiyo ikiwa kubadilisha jeni ni dhambi kwa jinsi kulivyo, basi chupa iliyoko mtungini mwa mama huyu ni tunda la dhambi. Hakuna mzee hata mmoja katika mtaa wetu aliyekuwa tayari kusema hivyo alipoulizwa.

Wala mmea "ulivyoumbwa" si kipimo kizuri cha wema. Mahindi tunayoyaita chakula cha babu zetu yalitokana na jani la mwituni huko Mexico, ambalo wakulima wa kale walilichagua na kulibadilisha kwa maelfu ya miaka hadi likawa gunzi. Muhogo mchungu ulivyoumbwa una sumu, na bibi zetu waliuloweka, wakauanika, wakautwanga, mpaka ukafaa kuliwa na mtoto. Hawakudhani kwamba wanamsahihisha Mungu. Walidhani kwamba wamepewa akili na mikono ili watoto wasife.

Basi twaona kwamba swali la kwanza, kama ni halali kuugeuza mmea, halijibiwi kwa kuutazama mmea peke yake. Yatupasa kumtazama atakayekula.

CHUNGU CHA WOTE

Hapa ndipo tunapodhani hofu ya wazee ina kiini cha kweli. Chakula na dawa ni vitu viwili, na kwetu tofauti yake ni kubwa kuliko tunavyotambua. Dawa ni ya mtu mmoja. Huwekwa juu ya kabati, hupimwa kwa kijiko, huandikwa jina. Chakula ni cha wote. Mgeni akipita wakati wa chakula haulizwi ana ugonjwa gani, hunawishwa mikono. Tunapotia dawa ndani ya chakula, tunaitia ndani ya kitu ambacho desturi yake ni kugawiwa.

Yaliyotokea Nebraska, Marekani, mwaka 2002, yatufundishe. Kampuni moja ilikuwa imejaribu mahindi yaliyotiwa jeni kwa ajili ya chanjo ya nguruwe. Msimu uliofuata shamba lile lilipandwa soya. Mabaki ya mahindi yale yakachipua yenyewe kati ya soya, yakavunwa pamoja nayo, na yote yakapelekwa ghalani. Soya tani zaidi ya 13,000 zikaharibiwa ili zisiingie katika chakula cha watu, na kampuni ikatozwa faini ya dola 250,000. Hakuna aliyeumia. Lakini mkulima yeyote anajua kwamba mbegu haisomi mipaka, na upepo hauombi ruhusa. Ikiwa hayo yalitokea penye wakaguzi na sheria, itakuwaje mashamba yanapogusana tuta kwa tuta na mbegu hupeanwa kwa ujirani?

Serikali zetu nazo zimeyumba katika jambo hili, nasi hatuzilaumu. Huko Makutupora, Dodoma, mahindi ya majaribio yaliyobadilishwa yalipandwa mwaka 2016, na Novemba 2018 serikali ya Tanzania ikaagiza majaribio yasimamishwe. Kenya ilizuia vyakula vya namna hiyo mwaka 2012, ikaondoa zuio mwaka 2022, na watu wakaenda mahakamani. Hayo yalikuwa mazao ya chakula tu, ya kustahimili ukame na wadudu. Mmea wa dawa ni jambo zito zaidi.

Kwa hiyo twasema hivi. Kumpa mgonjwa protini iliyotengenezwa na mmea, ikiwa imepimwa, imeandikwa, na yeye amejua na kukubali, hatuoni kosa ndani yake, kama tusivyoona kosa katika insulini ya bakteria. Mmea huo ulimwe penye uzio au ndani ya nyumba za kioo, tena afadhali uwe mmea usioliwa na watu kwa kawaida. Lakini kuuachia dawa uingie katika chungu cha wote, mtu ale asichokijua, hilo ni kosa hata kama hakuna atakayeumia. Maana aliyelishwa bila kujua amefanywa kuwa mnyama wa maabara, na mtu si panya.

Liko na jambo la mwenye mali. Waliogundua insulini waliuza haki yao kwa Chuo Kikuu cha Toronto mwaka 1923 kwa dola moja kila mmoja, kwa kuona kwamba dawa ile haifai kuwa mali ya mtu. Hata hivyo, miaka 100 baadaye wako wazazi wanaoipunguza insulini ili itoshe. Ikiwa siku moja kutapatikana jani la kuzuia kisukari, nani atakuwa na mbegu? Unafuu wa mmea utamfikia mgonjwa, au utaishia kwa mwenye hati? Mtaalamu hawezi kulijibu swali hilo katika maabara yake. Ni letu sote.

TUMAINI LISILOIVA

Twarudi sasa kwenye upande wa pili wa swali, ulio mgumu zaidi kwetu, maana humo sisi ni washtakiwa.

Mtu aweza kututetea akisema: nia yenu ilikuwa njema, na kumpa mtu tumaini ni tendo la huruma. Nasi tulijitetea hivyo kwa siku mbili tatu. Lakini embe bichi halimshibishi mtoto mwenye njaa, humtia tumbo. Tumaini likitolewa kabla ya wakati wake haliwi huruma, maana mtu hulifanyia kazi. Hupanga siku zake kwa hilo, hupunguza dawa yake kwa hilo. Kwetu sisi zile zilikuwa habari za kufurahisha. Kwa mama yule zilikuwa ramani, akaanza safari.

Mtume Paulo aliwashauri Wakorintho juu ya chakula pia, kile kilichotolewa kwa sanamu. Wenye maarifa walijua kwamba sanamu si kitu, wakala bila hofu, na ndugu mnyonge akajikwaa kwa mfano wao. Mtume hakusema kwamba maarifa yao ni ya uongo. Aliwauliza wamefanya nini nayo mbele ya mnyonge. Maarifa yetu sisi hayakufika hata kipimo hicho, maana yalikuwa nusu. Lakini hata yangekuwa kamili, tulipaswa kuwaza ni nani ameketi kwenye benchi la nyuma, na ana mtoto gani nyumbani.

Je, tungenyamaza basi? Wako waliotushauri hivyo: mambo ya maabara yasitajwe kanisani, watu hawataelewa. Hatukubaliani nao. Kumficha mtu jambo kwa sababu ni mnyonge ni kumdharau. Wale watu 560 waliomeza vidonge kila siku kwa miaka walifanya hivyo wakijua kwamba huenda visiwafae, na kwamba huenda wamepewa vitupu. Waliambiwa ukweli na wakajitoa. Ukweli haukuwavunja. Tuna deni kwao, maana ni kwa ajili yao tunajua leo tusilopaswa kuliahidi.

Tumaini lililo halali ni lile linalotaja na umbali wake. Tungeweza kusema: "Wako watu wanaotafuta. Wamefaulu kwa panya. Kwa watu wamejaribu vidonge, bado havijafaa. Wanaendelea. Nanyi endeleeni na sindano." Maneno hayo yangechukua muda mfupi kuliko tuliyoyasema, na mtoto asingelazwa.

Kwa hiyo tunawasihi wazazi wote: mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza asipunguziwe wala asiachishwe insulini kwa ajili ya chakula, unga, mizizi au maombi ya mtu yeyote bila daktari. Mwombeeni, naye achomwe sindano yake. Na mtoto akianza kunywa maji kupita kiasi, kukojoa mara nyingi hata kitandani, na kukonda ilhali anakula, msingoje. Mpelekeni akapimwe sukari siku hiyo hiyo. Na anayepungukiwa na insulini asione haya kuwaambia wazee wa kanisa. Tutafute pamoja kabla chupa haijaisha.

Tulikwenda nyumbani kwa mama yule tukamweleza haya yote, pamoja na kosa letu. Alikuwa akimenya viazi, vile vya kawaida. Alisikiliza mpaka mwisho bila kututazama. Kisha akasema: "Kama ni panya, basi ni panya. Nimesamehe. Lakini msiache kuniambia habari zake. Zikija mbaya mniambie, zikija njema mniambie. Ila mwanzo mniambie ni za nani."

Tulimwahidi. Na hapa, mbele yenu nyote, tunaiandika ahadi hiyo.